Rimu za aloi hupanda basi, za chuma hubaki Dar

Seti ya rimu nne za chuma na seti ya rimu nne za aloi, zote za inchi 15, zinachukua nafasi ileile kwenye buti la basi la mikoani. Anayepokea mizigo hajali ipi inang'aa. Anatazama ukubwa, ananyanyua moja kukisia uzito, anataja bei. Tuseme ametaja shilingi 60,000 hadi Mwanza. Kama za chuma zilinunuliwa Ilala kwa 120,000, nauli imekula nusu ya bei hiyo. Kama za aloi zilinunuliwa kwa 480,000, nauli hiyohiyo ni sehemu moja tu ya nane. Aliyeko Dar es Salaam anaona aloi ni ghali mara nne kuliko chuma. Aliyeko Mwanza, akishajumlisha nauli, anaona 540,000 kwa 180,000, yaani mara tatu tu.

Hesabu hiyo ni ya mfano, lakini mantiki yake inatawala biashara nzima ya rimu za mtumba. Wachumi wa Marekani Armen Alchian na William Allen waliieleza mwaka 1964: gharama moja isiyobadilika ikibandikwa juu ya bidhaa bora na bidhaa hafifu, kinachosafiri mbali ni ile bora. Ukisimama mbele ya maduka ya spea ya Ilala na Gerezani, huhitaji kitabu chao kuliona jambo hilo. Zinazofungwa kamba kwenda mikoani ni za aloi. Za chuma zinarundikwa ukutani zikimsubiri dereva wa teksi wa hapahapa mjini, au mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nauli ya basi yenyewe ni kipande tu cha gharama. Mzigo lazima kwanza utoke dukani hadi unapopandia. Tangu kituo cha mabasi ya mikoani kihamie Mbezi Luis mwaka 2021, kutoka Kariakoo hadi huko ni safari ya kilomita ishirini na kitu, na rimu nne hazibebeki kirahisi kwa bodaboda. Muuzaji anakodi bajaji ya mizigo, au anasubiri apate wateja kadhaa wa siku moja ili wachangie kirikuu. Wengine hukwepa safari hiyo kwa kupeleka mzigo kwenye ofisi za mabasi zilizoko Shekilango. Kuna mpagazi wa kupakia, kuna salfeti na kamba, kuna maboksi ya kuzuia rimu zisichubuane. Upande wa pili kuna bodaboda wa kuufikisha mzigo gereji. Kila mmoja anachukua kidogo, na hakuna anayetoa risiti. Mabasi kuruhusiwa tena kusafiri usiku, mwaka 2023, kumesaidia: mzigo unaopakiwa jioni unaweza kuwa Dodoma kabla fundi hajafungua gereji asubuhi.

Swali linalobishaniwa kuliko yote ni kama rimu isafiri na tairi lake au bila. Mnunuzi wa mkoani hupenda ije imevalishwa, afike nayo, afunge nati aondoke. Lakini tairi la 225/65 kwenye rimu ya inchi 17 lina kipenyo cha sentimita 72 hivi, wakati rimu tupu haizidi sana sentimita 46. Kwenye basi tofauti hiyo inazungumzika. Kwenye ndege haizungumziki, kwa sababu kampuni za vifurushi vya kimataifa hupiga urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wakagawa kwa 5,000, na kama jibu linazidi kilo za kwenye mizani wanatoza jibu hilo. Boksi la sentimita 50 kwa 50 kwa 25 linahesabiwa kilo 12.5, hata kama rimu iliyomo ina kilo 8. Ukiiacha na tairi, hata dogo kidogo kuliko hilo la 225/65, boksi linakuwa 70 kwa 70 kwa 25, sawa na kilo 24.5. Kwa seti nzima, kijana wa Arusha aliyezipenda rimu za chapa ya Rays zilizoko Japani anaulizwa nauli ya kilo 98 badala ya 50. Hapo wengi hughairi, na sioni cha kuwalaumu.

Tena tairi kuukuu lina kesi nyingine forodhani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeyaweka matairi yaliyotumika ya magari madogo kwenye orodha ya bidhaa zisizoruhusiwa kuingia. Rimu ya mtumba haimo kwenye orodha hiyo. Tairi la mtumba lililoivaa ndilo lenye mgogoro. Muagizaji anayejua kazi yake anataka rimu zivuliwe huko huko Japani au Sharjah kabla ya kupakiwa, na faida zake ni mbili, kwani kontena la futi 40 lenye mita za ujazo 67 hivi hupokea rimu tupu nyingi zaidi. Kumbuka pia kwamba kwa mzigo wa baharini ushuru haupigwi kwenye bei ya rimu peke yake, bali kwenye bei, bima na nauli vikijumlishwa, kisha VAT ya asilimia 18 inakuja juu. Nafasi iliyopotea ndani ya kontena unailipia mara mbili: kwa mwenye meli, halafu kwa serikali.

Hata hivyo, kinachowaumiza watu zaidi ni rimu isiyoingia. Biashara inafanyika kwa WhatsApp. Mnunuzi wa Songea anauliza, "Kaka, hizo tundu ngapi?" Anajibiwa, "Tundu tano, bosi," pesa inatumwa kwa simu, mzigo unapakiwa. Lakini Toyota Premio na Toyota Harrier zote ni tundu tano, na rimu zake haziingiliani. Matundu ya Premio yamepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, ya Harrier kwenye 114.3. Milimita 14.3 hazionekani kwenye picha, hasa picha iliyopigwa kwa pembeni ili mng'aro utokee vizuri. Hata duara likilingana bado kuna tundu la katikati. Premio ni 54.1, Subaru Forester za miaka mingi zilikuwa tundu tano kwenye 100 kama Premio, ila habu yake ni 56.1. Rimu ya Premio inafika kwenye habu ya Forester inagoma. Ya Forester kwenye Premio inaingia lakini inapwaya, inahitaji pete ya kuziba pengo.

Mzigo uliogoma unarudije? Nauli ya kurudi ni ileile ya kwenda, na mara nyingi hakuna aliyekubali mapema nani ataibeba. Sheria ipo, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ndiyo inayosimamia huduma za vifurushi, lakini ugomvi wa rimu zisizoingia si wa msafirishaji: yeye kafikisha alichopewa. Unabaki kati ya muuzaji na mnunuzi, na aliyekwisha kupokea pesa ndiye mwenye nguvu. Wauzaji makini wameshajifunza kuomba picha ya kadi ya gari au namba ya chesisi kabla ya kutaja bei, na huweka rula juu ya matundu wakipiga picha. Mnunuzi naye afadhali adai video ya rimu ikizungushwa kwenye mashine ya balansi, kwa sababu ufa uliochomelewa kwa ndani na kupakwa rangi mpya haujitokezi kwenye picha.

Kwa wanunuzi wa Congo wanaofuata spea Kariakoo, rimu ina raha moja. Kwao magari hupita upande wa kulia, kwa hiyo dashibodi na taa za mbele za gari la usukani wa kulia ni shida juu ya shida. Rimu haina kulia wala kushoto. Wao hununua kwa wingi na kupakia kwenye lori, na nauli ya kila rimu inashuka kiasi kwamba hata za chuma zinaanza kulipa.

Anayebaki na mzigo mzito ni anayetaka rimu moja. Kapiga shimo njiani, moja imepasuka, tatu nzima. Muuzaji wa Dar hapendi kuvunja seti, na akikubali anaongeza bei, kwa kuwa tatu zitakazobaki zitamchukua miezi kuuzika. Rimu moja kwenye basi hailipiwi robo ya nauli ya nne. Matokeo yake mtu wa Sumbawanga ananunua seti nzima ya pili, na zile tatu za kwanza anazitangaza mtandaoni. Mteja akipatikana, mara nyingi ni mtu wa Dar mwenye rimu moja iliyopasuka.