Joto la Kuunguza Uvimbe wa Ubongo

Tuseme jirani yako hapa Mikocheni anaumwa kichwa kila asubuhi. Anatapika. Siku moja anaanguka kifafa, naye hakuwa na ugonjwa huo tangu utotoni. Wengine watasema amerogwa. Huenda ana uvimbe katika ubongo. Apelekwe hospitali upesi.

Hapa Dar es Salaam uvimbe huo hupasuliwa MOI, pale Muhimbili. Mionzi hutolewa Ocean Road. Lakini upo uvimbe mkali ambao hurudi hata baada ya kupasuliwa, kwa sababu mizizi yake hubaki ndani ya ubongo.

Huko St. Louis, Marekani, madaktari wamejaribu njia nyingine kwa wagonjwa ambao uvimbe wao umerudi. Hutoboa tundu dogo katika fuvu. Hupitisha uzi mwembamba wenye mwanga mkali uitwao leza. Mwanga huo huunguza uvimbe.

Tena joto hufanya kazi ya pili. Mishipa ya damu ya ubongo ina kuta zilizobana sana. Kuta hizo huzuia sumu, lakini huzuia pia dawa nyingi. Joto huzilegeza kwa majuma kadhaa, kama mlango ulioachwa wazi. Ndipo mgonjwa hutiwa dawa mshipani. Dawa hii haiuui uvimbe yenyewe. Huwaamsha askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, ili waushambulie.

Baadhi ya wagonjwa hao waliishi zaidi ya miaka 3. Waliojaribiwa bado ni wachache.