Njia Moja, Siku Nzima: Kuvuka Alps kwa Treni

Msafiri anayefika Ulaya kwa mara ya kwanza hupenda kubana miji mitano ndani ya wiki moja, na akirudi nyumbani anachokumbuka zaidi ni foleni za stesheni. Ushauri wangu ni huu: chagua njia moja ya reli, uipe siku nzima. Kwa mgeni, naipendekeza njia ya Chur, mashariki mwa Uswisi, hadi Tirano, mji mdogo wa Italia. Safari ni ya takriban saa nne, na kipande cha Thusis hadi Tirano kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008.

Treni ni za aina mbili. Bernina Express ina vioo vinavyopanda hadi kwenye dari, lakini lazima uweke nafasi mapema na ulipe ada juu ya nauli. Treni za kawaida hupita kwenye reli zilezile, karibu kila saa mchana, bila kuweka nafasi. Utabadilisha treni St. Moritz tu. Mgeni namshauri apande hizi za kawaida. Baadhi ya mabehewa yake yana madirisha ya kufungua, hivyo picha haziharibiwi na mng'ao wa kioo, na treni ikikuacha, unasubiri inayofuata. Tiketi ya Swiss Travel Pass inakubalika hadi Tirano.

Ukitokea Chur, kaa upande wa kulia. Kabla ya kituo cha Filisur utafika daraja la Landwasser, lililokamilika 1902, lenye urefu wa mita 136 na kimo cha mita 65. Daraja linapinda, kisha linaishia kwenye ukuta wa mwamba. Utaona kichwa cha treni yako kikizama handakini huku behewa lako lingali juu ya matao ya mawe. Ni suala la sekunde chache, kwa hiyo kamera iwe tayari.

Mbele yake, kati ya Bergün na Preda, treni hupanda zaidi ya mita 400 katika masafa mafupi. Wajenzi waliizungusha njia ndani na nje ya mlima, ndiyo maana kijiji cha Bergün huonekana mara kwenye dirisha la upande huu, mara upande wa pili, kila mara kikiwa chini zaidi. Kona kali namna hii ziliwezekana kwa sababu reli ina upana wa mita moja, sawa na Reli ya Kati ya zamani ya Tanzania.

Baada ya St. Moritz, mlima wenyewe unaanza. Kwenye sehemu kali, treni hupanda mita 7 kwa kila mita 100, kwa nguvu za umeme na bila reli ya meno. Kilele ni Ospizio Bernina, mita 2,253 juu ya usawa wa bahari. Tirano iko mita 429. Karibu na mwisho, huko Brusio, treni huzunguka duara zima na kupita chini ya daraja ililotoka kulivuka.

Visa ya Schengen inatosha kwa nchi zote mbili, ila tembea na pasipoti, maana unavuka mpaka. Katika stesheni za Uswisi, bango la njano ni la treni zinazoondoka. Sweta usiiache hata Julai.

Na ukifika stesheni ya Alp Grüm, baada ya Ospizio Bernina, teremka. Barafu ya Palü iko mbele yako, bonde la Poschiavo liko zaidi ya mita 1,000 chini, na stesheni ina mgahawa. Agiza chai, kaa mpaka treni inayofuata ije. Saa hiyo moja ina thamani kuliko mji wa sita kwenye ratiba.