Chuo Kinapopiga Hodi Kijijini

Katika vijiji vya Ilolo na Idifu, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, msimu wa kilimo ni mmoja tu. Mvua huanza Desemba na kukatika Aprili, na mara nyingi katikati yake hupita wiki za ukame zinazounguza mtama na uwele vikiwa bado vichanga. Huko ndiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro kilikopeleka watafiti na wanafunzi wake kuanzia mwaka 2013, kikishirikiana na wenzao wa Ujerumani katika mradi wa Trans-SEC.

Walifika na mbinu kadhaa mkononi: matuta yanayofungwa ili maji ya mvua yatuame shambani, mbolea kidogo inayotiwa pale penye mbegu tu, majiko banifu, bustani za mboga kwenye viroba. Wanakijiji ndio waliochagua za kujaribu, kisha wakaunda vikundi kwa kila mbinu.

Uchaguzi huo ulifundisha pande zote mbili. Jiko banifu hujengwa kwa udongo na matofali ya hapo hapo, hula kuni chache kuliko mafiga matatu, na aliyejifunza kulijenga anaweza kumjengea jirani. Matuta ni habari nyingine. Mkulima wa Ugogo, yaani nchi hii ya Wagogo, amezoea kuberega, yaani kukwangua magugu juu juu na kupanda bila kulima, kwa sababu mvua ya kwanza haimngojei mtu. Kuinua matuta kwa jembe la mkono kunadai nguvu nyingi siku zile zile ambazo kila mkono unahitajika kupanda. Kwenye shamba la majaribio la chuo gharama hiyo haionekani, maana kibarua hulipwa. Kwenye kaya yenye watu wawili wenye nguvu, gharama hiyo ndiyo inayoamua.

Dodoma inajua vilevile kinachotokea ushirikiano unapokosekana. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo la Kondoa lililomomonyoka. Uoto ulirudi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini familia zilipoteza maziwa, samadi na maksai kwa pamoja, na uamuzi haukuwa wao.

Karibu zaidi na mji wa Dodoma kuna Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Kazi yake yenyewe ni kuandaa watu wa kupanga mipango na vijiji, kwa hiyo mlango wa kuingilia upo tayari: halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, na juu yake mkutano mkuu wa kijiji. Chuo kinachopita hapo hupata maswali ya kweli. Kinachoishia kwa mtendaji wa kijiji hupata mhuri tu.

Tatizo gumu zaidi ni kalenda. Mafunzo kwa vitendo ya vyuo vingi nchini huangukia Julai hadi Septemba. Miezi hiyo mashamba ya Chamwino ni mabua makavu, na mwanafunzi husimuliwa kilimo badala ya kukiona. Vyuo vinavyotaka ujirani wa kweli na Ugogo vihamishie angalau wiki mbili za mafunzo hayo mwishoni mwa Desemba, wanafunzi washike jembe na wenyeji wao, kisha warudi Juni, mavuno yakiwa ghalani, kuwasomea matokeo kwenye mkutano wa kijiji.