Kabla ya Rangi, Sikio: Jinsi Picha za Afya Zinavyobuniwa Kusini mwa Tanzania

Kitomanga iko kando ya barabara kuu inayounganisha Lindi na Kilwa. Kama ilivyo katika vituo vingi vya ukanda huo, mama anayefika kliniki na mtoto mgongoni hukutana na ukuta kabla hajakutana na muuguzi. Ukutani yamebandikwa mabango. Ni wachache wanaojiuliza nani aliyachora, na kwa nini alichagua picha ile na kuacha nyingine. Hata hivyo, bango likieleweka vibaya, mtoto anaweza kukosa dawa.

Mkoa wa Lindi una mfano mzuri wa kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Ifakara walijiandaa kupima katika wilaya kadhaa za Lindi na Mtwara njia mpya ya kuwakinga watoto wachanga dhidi ya malaria. Mtoto alipewa dawa ya SP pamoja na chanjo zake za kawaida, ikiwamo ile ya surua ya miezi tisa. Dawa ilikuwapo na chanjo zilikuwapo. Kilichokosekana ni lugha ya kumweleza mama.

Wabunifu hawakuanza na kalamu. Walianza kwa kuwauliza wanajamii na watoa huduma, na kuchunguza mabango yaliyokuwapo vituoni. Walipata majibu matatu yaliyoelekeza kazi yote. Malaria ya watoto ilionekana zaidi kuwa kero inayowanyima wazazi usingizi. Chanjo ziliaminika, ingawa akina mama walilalamikia homa na uvimbe baada ya sindano. SP nayo ilitumiwa sana, lakini ilizungukwa na uvumi wa madhara uliotokana na maneno ya mitaani na habari za magazeti.

Kutokana na hayo, dawa iliambatanishwa na chanjo, jambo ambalo mama alikwisha kuliamini. Suala la usalama halikufichwa, bali liliandikwa waziwazi. Mazungumzo kati ya mama na mhudumu yakawa nguzo kuu, na mabango mawili tu yakawa msaada wake. Huduma ikapewa jina MKINGE, neno moja lenye amri na upendo ndani yake, ambalo halibagui mtoto wa kike na wa kiume. Picha na maneno vilijaribiwa kwanza kwa walengwa, na utekelezaji ukaanza Januari 2005. Utaratibu huo ulikuwa wa mradi. Mzazi wa leo afuate maelekezo ya mtoa huduma wake.

Kazi nyingine ilihitaji mkono tofauti. Katika miaka ya 1990, kwenye wilaya za Kilombero na Ulanga, mradi wa vyandarua vyenye dawa ulikuwa na bidhaa ya kuuza. Hapo mbunifu alifikiria jina, pakiti na rangi. Jina lililochaguliwa, Zuia Mbu, lilimtaja adui ambaye kila mtu humsikia sikioni usiku, bila kulazimisha neno la kitabibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne.

Baadaye, Lindi na Mtwara zilipata mradi wa Mtunze Mtoto Mchanga, ambapo wahudumu wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na wazazi nyumbani wakiwa na kadi za picha. Kifaa kimojawapo kilikuwa mchoro wa unyayo. Penye uhaba wa mizani, unyayo wa mtoto ulilinganishwa na mchoro. Unyayo mfupi kuliko sentimita 7 ulikuwa dalili ya mtoto mdogo sana anayehitaji huduma ya haraka. Katika kazi kama hii ukubwa wenyewe ndio ujumbe. Nakala ikipunguzwa kidogo kwenye mashine, mtoto aliye hatarini ataonekana mzima.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuwa na somo gumu. Unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee katika siku za mwanzo uliongezeka, lakini vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua. Picha humfikisha mama mlangoni. Yanayomngoja ndani ni kazi ya kituo chenye wahudumu, dawa na vifaa.

Mhudumu anayetaka kuandaa bango la kituo chake anaweza kufuata njia hiyohiyo bila gharama kubwa. Achague ujumbe mmoja. Achore rasimu kwa penseli, kisha awaoneshe akina mama watano au sita, mmoja mmoja, na kuuliza, “Unaona nini hapa?” badala ya “Umeelewa?” Mtu akiulizwa kama ameelewa, adabu humfanya aitikie. Picha zenye mfuatano zipewe namba, kwa kuwa katika pwani hii wapo waliojifunza kusoma kwanza chuoni, wakianzia kulia. Mbu asichorwe mkubwa kama kunguru, mtu asije akasema wa kwao si huyo.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Asipoelewa bango, aseme. Pengine kosa ni la mchoro, na neno lake moja litamsaidia atakayefika kesho.