Hali za Maisha ya Wenye VVU katika Momba, na Maneno Yanayozitaja

Chitete ni makao makuu ya Wilaya ya Momba, iliyotengwa na Mbozi mwaka 2012 na kuingizwa katika Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016. Watu wa wilaya hiyo wengi ni wakulima, na mpunga na ufuta ndiyo mazao yao ya fedha. Tunduma iko mpakani, ikikabiliana na Nakonde ya Zambia, na Kinyamwanga husemwa pande zote mbili. Hapo hupita barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Na hapo malori hungoja forodha. Kungoja huko kumezaa kazi nyingi: nyumba za wageni, mama lishe, makuli, wabadilishaji fedha na wauza pombe.

Yasemwa mara nyingi kwamba Ukimwi ni ugonjwa wa maskini. Utafiti wa taifa wa 2003–2004 ulionyesha kinyume chake: maambukizi yalikuwa mengi zaidi katika kaya zenye mali kuliko zile za chini kabisa, na mijini kuliko vijijini. Mwenye fedha husafiri, hulala ugenini, na huweza kutunza nyumba zaidi ya moja. Walakini anayekutana naye mara nyingi hana mtaji wala shamba, na neno lake juu ya kinga halina nguvu. Katika utafiti wa 2022–2023 wanawake wenye VVU nchini walikuwa asilimia 5.6 ya watu wazima wa jinsia yao, wanaume 3.0.

Lugha iliutambua uhusiano huo mapema. Huko Kagera, walikoonekana wagonjwa wa kwanza mwaka 1983, watu waliuita ugonjwa “Juliana”, jina la nguo za biashara ya magendo kutoka Uganda. Mitaani aliyeambukizwa husemwa “amekanyaga miwaya”, kana kwamba ni ajali ya njiani tu. Neno “Ukimwi” ni ufupisho wa Upungufu wa Kinga Mwilini, lakini kwa bahati njema u- yake imelipatia upatanisho bila taabu: Ukimwi umeenea, Ukimwi unazuilika. “Virusi” nalo, ingawa ni la kigeni, limedhaniwa lina kiambishi vi-, na wengine wamekwisha kulipatia umoja, “kirusi”.

Lenye uzito zaidi ni “mwathirika”. Kiambishi -ik- chamweka mtu katika hali ya kufikwa na jambo, pasipo tendo lake mwenyewe. Neno hilo lilimfaa mgonjwa aliyelala kitandani. Halimfai mkulima wa Chitete anywaye dawa na kupalilia mpunga wake. Ndiyo maana “mtu anayeishi na VVU”, na ufupisho WAVIU wenye sura ya ngeli ya wa-, umelipokonya nafasi katika maandishi ya serikali. Dawa zenyewe, zilizoanza kutolewa bure mwaka 2004, huitwa za “kufubaza”, kitenzi kilichotumika kwa rangi inayopauka: virusi hubaki, makali hupungua.

Lakini bure hiyo ni ya dawa tu. Aishiye mbali na kliniki hulipa nauli na kupoteza siku ya kazi, na msimu wa kupanda mpunga haungoji tarehe iliyoandikwa katika kadi.