Uzee wa Nyota: Habari za Betelgeuse

Wasomaji wa Kitabu cha Ayubu wanalikumbuka kundi la nyota liitwalo Orioni, litajwalo humo pamoja na Kilimia. Miongoni mwa nyota zake imo moja nyekundu, Betelgeuse, ambayo sisi wa Afrika Mashariki twaiona kwa macho tu jioni za Januari na Februari. Nyota hiyo imezeeka, nasi twapenda kueleza maana yake, kwa kuwa uzee wa nyota haufanani na wetu.

Uzito wa nyota huivuta kuelekea ndani, na joto la kiini chake huzuia isiporomoke. Joto hilo hutokana na haidrojeni kugeuka kuwa heliamu. Basi haidrojeni ya kiini ikiisha, mtu angetazamia kwamba nyota itasinyaa na kufifia. Sivyo. Kinachosinyaa ni kiini peke yake, na kwa kusinyaa huzidi kuwa cha moto, hata haidrojeni iliyokizunguka huwaka kwa nguvu kuliko awali. Hapo tabaka za nje husukumwa mbali, zikatanuka na kupoa. Na kwa kuwa uso umepoa, rangi yake huwa nyekundu. Uso wa Betelgeuse una joto la nyuzi 3,300 hivi za Selsiasi, ilhali ule wa Jua una 5,500. Lakini kama ingewekwa mahali pa Jua, ingeimeza dunia yetu na Mirihi pia.

Mwishoni mwa mwaka 2019 ilianza kufifia, na kufikia Februari 2020 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake. Wako waliodhani kwamba inakufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilikuwa imetapika gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, na vumbi hilo likaificha. (Wahubiri walio wepesi kuzifasiri ishara za angani wangefaa kulitafakari jambo hili.)

Kufa itakufa. Baada ya heliamu itaunguza kaboni na vitu vizito zaidi, hadi kiini kiwe chuma, ambacho hakitoi joto tena. Kisha kiini kitaporomoka kwa muda usiotimia sekunde moja, na nyota italipuka. Wataalamu wengi hukadiria kwamba bado miaka ipatayo 100,000. Tena nuru yake husafiri zaidi ya miaka 500 kabla ya kutufikia, hivyo kufifia kulikoonekana mwaka 2020 kulitukia huenda kabla Luther hajazaliwa.