JJ4: Dubu aliyetikisa bonde la kambi ya Napoli

USIKU wa Aprili 17, 2023, mashabiki wa Napoli walikuwa wanahesabu saa. Kesho yake timu yao ilikuwa inarudiana na AC Milan kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, ikiwa na deni la bao 1-0 la mechi ya kwanza. Nchi nzima ya Italia ilikuwa inazungumzia mechi hiyo.

Usiku huohuo, mamia ya kilomita kaskazini, mtego wa chuma ulijifunga kwenye bonde dogo la Meledrio. Ndani yake alinasa dubu jike wa miaka 17 aliyefuata matunda ya chambo. Kwenye makaratasi ya serikali anaitwa JJ4.

Dubu na Napoli wapi na wapi? Sikia hii. Bonde la Meledrio linateremkia Dimaro, mji mdogo wa Val di Sole ambako Napoli ilianza kupiga kambi ya maandalizi ya msimu mwaka 2011. Mastaa kibao wamepita pale, akiwemo Victor Osimhen, Mwafrika wa kwanza kumaliza kinara wa mabao Serie A, aliyefunga 26 msimu wa 2022/23. Ukisimama kwenye uwanja wa mazoezi ukainua macho, unaona milima na misitu tu. Huko ndiko nyumbani kwa JJ4.

Na siku 12 kabla ya kunaswa, dubu huyo alikuwa ameua mtu.

MAZOEZI YA JIONI

Ilikuwa Jumatano, Aprili 5. Kijana wa miaka 26, mwenyeji wa bonde hilohilo, alitoka kwenda kukimbia kwenye miteremko ya mlima Peller. Hakuwa mgeni wala mtalii aliyepotea njia. Alikuwa mtu wa mazoezi, na alikuwa anakimbia kwenye milima ya kwao, kama kijana yeyote anavyozunguka uwanja wa mtaa wao jioni.

Alikwenda peke yake. Jioni ikaingia, hakurudi. Ndugu wakatoa taarifa, waokoaji wakapanda mlimani na mwili wake ukapatikana usiku wa manane. Vipimo vya vinasaba vikamtaja aliyefanya shambulio hilo kuwa ni JJ4. Kilikuwa kifo cha kwanza katika zama hizi cha mtu kuuawa na dubu mwitu nchini Italia.

Inauma zaidi kwamba JJ4 alikuwa anajulikana. Alikuwa amevalishwa kola yenye redio ili wahifadhi wajue anakozunguka, lakini wakati wa tukio kola hiyo ilikuwa haifanyi kazi. Hakuna aliyejua yuko wapi jioni ile.

WALIKUWA WAWILI

Rudi nyuma miaka mitatu. Juni 2020, baba na mtoto wake mtu mzima walikuwa wanatembea kwenye mlima huohuo wa Peller. Wakakutana uso kwa uso na dubu huyuhuyu, JJ4. Dubu akamvaa kijana na kumwangusha. Baba hakukimbia, alijitosa kumwokoa mwanaye. Dubu akamgeukia yeye, akamjeruhi vibaya na kumvunja mguu, kisha akaondoka zake.

Wote wawili walibaki hai.

Mlima uleule, dubu yuleyule. Mara ya kwanza alikutana na watu wawili, wakatoka na majeraha. Mara ya pili alikutana na mtu mmoja. Hii haina maana kwamba ukiwa na mwenzako umepata kinga, maana kila shambulio lina mambo yake. Lakini ukiwa wawili kuna wa kupiga kelele, wa kumvuruga mnyama, wa kufunga jeraha na wa kukimbilia msaada. Ukiwa peke yako, benchi lako ni tupu.

Baada ya tukio la 2020, rais wa jimbo la Trento, Maurizio Fugatti, aliamuru JJ4 auawe. Watetezi wa wanyama wakaenda mahakamani na amri ikasimamishwa. Dubu akaendelea kuishi msituni hadi Aprili 2023.

UKOO WA JJ NA KOMBE LA DUNIA

Dubu wa Trento hawakuibuka tu. Miaka ya 1990 walikuwa wamebaki wa kuhesabu kwa vidole. Kuanzia 1999 mradi uitwao Life Ursus ukaleta dubu 10 kutoka Slovenia na kuwaachia kwenye milima ya Adamello Brenta. Wakazaana. Kufikia 2023 idadi yao ilikuwa inakaribia 100, kwenye eneo lenye vijiji, hoteli, mashamba ya matufaha na njia za wakimbiaji.

Kati ya walioletwa walikuwemo dume Joze na jike Jurka. Watoto wao wakapewa herufi za majina ya wazazi, ndiyo maana ya JJ.

Shabiki wa soka mwenye kumbukumbu anaweza kumjua kaka yake JJ4. Ni JJ1, ambaye Wajerumani walimpa jina la Bruno. Mwaka 2006, wakati Ujerumani inaandaa Kombe la Dunia, Bruno alivuka mpaka na kuingia Bavaria, dubu mwitu wa kwanza kuonekana huko kwa takriban miaka 170. Akala kondoo na kuku, akawachosha hadi wawindaji walioletwa na mbwa wao kutoka Finland. Alfajiri ya Juni 26 akapigwa risasi. Siku hiyohiyo Italia iliitoa Australia kwa penalti ya Francesco Totti dakika ya 95, ikaendelea na safari iliyoishia kwenye kombe.

KWA NINI MKIMBIAJI?

Dubu wa kahawia kwa kawaida hamtafuti mtu. Akisikia sauti au akinusa harufu ya binadamu mapema, mara nyingi anajiondokea. Balaa linakuja akishtukizwa kwa karibu, hasa jike mwenye watoto. JJ4 alikuwa na watoto watatu.

Sasa mwangalie mkimbiaji aliye peke yake. Haongei na mtu. Anakwenda kasi. Anakata kona bila kujua kilichoko mbele. Pengine ana muziki masikioni. Upepo ukivuma kutoka mbele, au kukiwa na kijito kinachopiga kelele, dubu hapati dalili yoyote hadi mtu yuko hatua chache kutoka kwa watoto wake. Kwa mnyama huyo, aliyetokea si mwanamichezo. Ni adui anayekuja mbio.

Huko Montana, Marekani, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Glacier, Juni 2016 mwendesha baiskeli wa milimani aligongana na dubu kwenye kona na kuuawa. Uchunguzi ulionyesha kwamba tangu amwone hadi kumgonga zilipita sekunde moja au mbili tu. Hata kipa wa penalti hana presha ya namna hiyo. Mwenzake aliyekuwa naye njiani ndiye aliyetoka kwenda kuita msaada.

Na asikudanganye mtu kwamba utamkimbia. Usain Bolt, siku aliyoweka rekodi ya sekunde 9.58 Berlin mwaka 2009, alifikia kasi ya juu ya karibu kilomita 44.7 kwa saa. Dubu wa kahawia anaweza kufika 50, tena kwenye mteremko wenye mawe na vichaka. Winga wako mwenye kasi kuliko wote hafui dafu.

KANUNI ZA MCHEZO

Wanaoishi na dubu wana kanuni zao. Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, inashauri watu watembee kundi la watatu au zaidi, wapige kelele njiani na wakae angalau mita 91 kutoka kwa dubu. Kukimbia njiani ni jambo wanalokataza kwa ushauri. Kule wapandaji wengi hubeba kopo la dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu, likiwa kiunoni, si ndani ya begi.

Ukimwona dubu kwa mbali, usipige kelele za hofu wala kumsogelea kwa ajili ya picha. Ongea kwa sauti ya kawaida, rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo, na usisimame kati ya mama na watoto wake. Dubu wa kahawia mwenye kutetea watoto akikufikia mwilini, ushauri ni kulala kifudifudi, mikono ikifunika shingo, utulie. Akiona hakuna tishio tena, mara nyingi anaondoka.

Na kanuni ya kwanza kabisa haihitaji pesa wala kifaa: kabla hujatoka, mwambie mtu unapita njia gani na utarudi saa ngapi. Kama unaweza, usiende peke yako.

MECHI HAIJAISHA

Aprili 18, siku moja baada ya JJ4 kunaswa, Napoli ilitoka sare ya 1-1 na Milan na kuaga Ulaya, licha ya Osimhen kufunga dakika za nyongeza. Mei 4 ikapata sare nyingine ya 1-1 kule Udine na kutwaa ubingwa wa Italia kwa mara ya kwanza tangu 1990. Julai mabingwa hao wakarudi Dimaro kama kawaida, mashabiki wakajaa bondeni. JJ4 alikuwa amefungiwa kwenye kituo cha Casteller, karibu na mji wa Trento, huku mawakili wakivutana kuhusu maisha yake.

Kumfungia mmoja hakukumaliza ishu. Julai 16, 2024, mtalii Mfaransa wa miaka 43 alishambuliwa akiwa anakimbia eneo la Dro, kusini mwa jimbo hilohilo. Aliumia, lakini alifanikiwa kupiga simu kuomba msaada na akapona. Dubu aliyemshambulia, jike KJ1 mwenye watoto watatu, aliuawa Julai 30. Miezi michache nyuma jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya kuruhusu dubu hatari hadi wanane kuuawa kwa mwaka. Wapo wanaosema ni wengi mno, wapo wanaosema hawatoshi.

Watu wa Val di Sole hawawezi kusubiri mabishano hayo yaishe ndipo waishi. Njia za mlima Peller zinaanzia karibu na milango yao. Watoto wao wanacheza mpira bondeni na vijana wao wanapanda mlima kutafuta pumzi, kwa sababu mlima ndio uwanja walionao.

Kijana wa Aprili 5 naye alikuwa hivyo. Alitoka kufanya mazoezi jirani na kwao, jioni ya siku ya kazi, kama wafanyavyo maelfu ya wanamichezo duniani kila siku. Alikosa mtu wa kukimbia pembeni yake.